Bab Zuwayla: lango la ngome lililobebeshwa minara ya msikiti

Anayeingia Cairo ya kale akitokea kusini hupita chini ya Bab Zuwayla, na macho huvutwa mara moja na minara miwili mirefu iliyo juu yake. Sisi tunaoshughulikia majengo ya kale tunawaomba wageni waanze kutazama chini, kwenye mawe, maana minara ile ilijengwa zaidi ya miaka 300 baada ya lango lenyewe.

Ukuta wa kwanza wa mji, wa mwaka 969, ulikuwa wa matofali ya udongo. Mwaka 1077 jeshi la Waseljuki lilipofika karibu na Cairo, udhaifu huo ulionekana wazi. Waziri Badr al-Jamali, mwenye asili ya Armenia, akaujenga upya kwa mawe. Malango ya kaskazini, Bab al-Nasr na Bab al-Futuh, yalijengwa mwaka 1087; Bab Zuwayla ikafuata mwaka 1092.

Utazame vizuri ule uso wa mviringo wa maboma yake mawili. Jiwe la manjaniki, mtambo wa kurushia mawe, likigonga ukuta wa mviringo huteleza pembeni badala ya kuupasua. Mwanahistoria al-Maqrizi anasimulia pia kwamba mbele ya lango palitandikwa mawe laini ya matale ili farasi wa adui wateleze, hadi siku farasi wa Sultani al-Kamil mwenyewe alipoteleza hapo, naye akaamuru yaondolewe.

Palikuwa pia mahali pa kutisha. Mwaka 1260 Sultani Qutuz aliwaua wajumbe wa Wamongolia na vichwa vyao vikatundikwa hapa. Aprili 1517 Waturuki wa Osmani walimnyonga hapa Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Mamluki, waliokuwa wakitawala Misri. Ibn Iyas, aliyeishi zama hizo, ameandika kwamba Tuman Bay aliwaomba watu wamsomee Fatiha kabla ya kitanzi.

Na minara? Al-Mu'ayyad Shaykh, kabla hajawa sultani, aliwahi kufungwa katika gereza lililopakana na lango, akateswa na chawa na viroboto, akaweka nadhiri kwamba akipata utawala atapageuza pawe pa ibada. Alitimiza: msikiti ulianza kujengwa mwaka 1415, na mafundi wakaisimamisha minara yake juu ya maboma ya Badr. Mmoja uliinama ujenzi ukiendelea, ukabomolewa na kujengwa upya. Ukarabati mkubwa wa lango ulikamilika mwaka 2003, na leo mgeni anaweza kupanda hadi juu ya maboma, kisha ndani ya minara.