"Kaza kebo tu, fundi": yanayosemwa kuhusu breki za dramu na yaliyomo ndani

Wiki iliyopita wateja wanne waliniambia neno lilelile, na kwa yule wa nne nilishindwa kujizuia, nikacheka. Ni mwalimu kutoka Igawilo, hapa Mbeya, mwenye Toyota IST, mtu makini anayebadilisha oili mwenyewe. Nilimkuta ameshakunja mikono ya shati, kava ya katikati ya viti ameing'oa, spana namba 10 iko mkononi. "Shikamoo fundi. Handbreki inapanda mpaka kwapani. Nikaze kebo tu, au?"

Marahaba, mwalimu. Weka spana chini kwanza.

Dhana: handbreki ikipanda juu, kebo imelegea

Kebo ni waya wa chuma uliosukwa. Ikiwa mpya hunyooka kidogo, baada ya hapo inakaa miaka bila kubadilika sana. Kinacholika kila siku ni lainingi, ule utando wa msuguano kwenye breki shuu. Shuu ni kipande cha chuma kilichopinda, kinachosukumwa kugusa dramu, yaani ule mfuniko wa duara unaozunguka na tairi. Lainingi ikipungua, shuu inakaa mbali na dramu na inabidi isafiri zaidi ndipo iguse. Hapo mkono wa handbreki unapanda, na pedali nayo inaanza kuzama. Watu wanaona la kwanza kwa sababu linaonekana. La pili mguu umeshalizoea. Ukikaza kebo, mkono utashuka vizuri kabisa na pedali itaendelea kuzama vilevile.

Bora ingeishia hapo. Ndani ya dramu kebo imeshika leva ndogo iliyopachikwa kwenye shuu. Ukiachia handbreki, leva ile lazima irudi nyuma mpaka igote. Kebo ikikazwa kupita kiasi, leva haigoti tena. Inabaki imeinuka, imeisukuma ajasta (skrubu yenye gurudumu la meno, "nyota", inayoweka umbali wa shuu na dramu) muda wote, na shuu inalamba dramu ukiwa unatembea. Magari mengi ya dramu yana ajasta inayojikaza yenyewe: meno ya ile nyota yanasogea moja moja unapokanyaga breki au kuvuta handbreki. Leva isiporudi mpaka mwisho, ajasta inakosa nafasi ya kudaka jino jingine, inalala. Kwa hiyo wewe uliyekaza kebo ndiye uliyemfunga mikono yule aliyekuwa anakufanyia kazi bure.

Tulipofungua gari la mwalimu, nati ya kebo ilikuwa imefika mwisho wa uzi, haina pa kwenda. Kuna mtu alishaikaza mara mbili au tatu kabla yake. Dramu ya kulia ilikuwa na mabaka ya bluu kwa kuungua, na nyota ya ajasta imeganda kwa kutu na tope kavu. Hata kwa bisibisi na nyundo ndogo ilichukua muda kuzunguka. Lainingi ya shuu moja ilikuwa imebaki unene wa kadi ya benki. Chini ya milimita 1 hakuna mjadala, zinatoka.

Utaratibu wangu ni huu. Gari kwenye tambarare, tairi za mbele zimezuiwa kwa mawe, nyuma limekaa kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini. Shusha handbreki, kisha LEGEZA kebo, ndiyo, kinyume cha ulichokuja kufanya. Dramu ikigoma kutoka usiipige nyundo kama unapasua kuni: Toyota nyingi zina matundu mawili ya uzi kwenye uso wa dramu. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza huku kidogo na huku kidogo, itajisukuma nje yenyewe. Ikiwa shuu imechimba ukingo ndani ya dramu, rudisha nyota kwanza kwa kupitia kitundu cha nyuma ya bamba, ile sahani ya chuma inayobeba shuu.

Fungua upande mmoja tu. Upande wa pili uache mzima uwe kielelezo chako, maana springi zikisharuka kwenye kokoto hakuna anayekumbuka ipi ilishika wapi. Piga na picha kwa simu. Safisha uzi wa ajasta mpaka izunguke kwa vidole, na usichanganye ya kushoto na ya kulia. Nyuzi zake zinakwenda kinyume, ukizibadilishana zitakuwa zinalegeza badala ya kukaza. Grisi ya kuvumilia joto, kiasi cha punje ya mchele, pale ambapo shuu inasugua bamba. Pale tu.

Ukisharudisha dramu, zungusha nyota mpaka tairi ligome, kisha rudisha meno machache mpaka lizunguke huku ukisikia mkwaruzo mwembamba. Kanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae katikati, zungusha tena tairi. Fanya na upande wa pili. Kebo inakuja mwisho kabisa, na mara nyingi unakuta haihitaji chochote. Kwa Toyota ndogo nyingi mkono wa handbreki ukiuvuta unatakiwa ushike kati ya mlio wa 6 na wa 9 wa "tik". Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako.

Mwalimu alipokanyaga pedali alinyamaza kidogo, akakanyaga tena. "Kumbe ilikuwa inazama." Ilikuwa inazama.

Dhana: breki za nyuma hazina kazi, za mbele ndizo zinazosimamisha

Za mbele zinabeba sehemu kubwa, hilo kweli, kwa sababu uzito unakimbilia mbele ukifunga breki. Lakini hata hiyo sehemu ndogo ya nyuma isipofanyika, ya mbele inalazimika kuibeba, na hapa kwetu miteremko ni mirefu. Pedi za mbele zinazoisha haraka kupita kawaida, mimi naanza kuangalia nyuma.

Dhana: shuu iliyoloa mafuta inaoshwa kwa petroli na kupigwa kiberiti

Nimeiona kwa macho yangu, na mwenye kuifanya alikosa nyusi wiki nzima. Lainingi ina vinyweleo. Mafuta yameingia ndani. Petroli inaosha juu, breki ikipata joto yanatoka tena. Tupa, badilisha pande zote mbili, na tafuta yalikotoka: silinda ya tairi (pampu ndogo inayosukuma shuu) inayovuja, au sili ya ekseli kama gari lina difu, lile sanduku la gia za ekseli, nyuma. Oili ya difu utaijua kwa harufu yake. Ukiweka shuu mpya bila kuziba uvujaji, tutaonana mwezi ujao.

Dhana: upande mmoja ukiisha, badilisha huo tu

Ukitaka gari livute pembeni siku ya mvua, sawa. Hununui kiatu kimoja.

Dhana: vumbi la ndani ya dramu lipigwe upepo

Weka chini hilo bomba la kompresa. Shuu za zamani, na baadhi ya zile za bei ya kutupa, zinaweza kuwa na asbesto, na hata vumbi lisilo nayo hakuna pafu linalolihitaji. Maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia, beseni chini, brashi. Dakika tano.

Dhana: mafuta ya breki ni mafuta tu

Oili ya injini au ya hidroliki inavimbisha raba zote kuanzia masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, mpaka nyuma. Nimebadilisha mfumo mzima wa gari kwa sababu ya nusu kikombe. Soma kifuniko, weka DOT (daraja la mafuta ya breki) iliyoandikwa hapo. Na hubadilishwa, kama miaka 2 hivi, kwa kuwa hunyonya unyevu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi. Ikishajaa maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ukiwa katikati ya mteremko wa Kitonga hapo ndipo pedali inageuka sponji.

Dhana: mteremkoni weka N (gia huru), unaokoa mafuta

Injini za siku hizi hukata mafuta ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia. Kwenye N injini inakunywa ili isizimike, na breki zimebaki peke yake na mzigo wote. Dramu ikipata joto inatanuka, inaikimbia shuu. Miteremko kama Mlima Nyoka na Kawetere, teremka kwa gia ndogo.

Dhana: handbreki nzima haihitaji jiwe

Weka P au gia, vuta handbreki, na kama ni kilimani weka jiwe. Ila ukiondoka, litoe barabarani. Lile mlilomwachia nani sijui juzi njia ya Isyonje, nimelipanda mimi usiku.