Je, wajua Obama alipitaje bila mpinzani kwenye kura za maoni za chama chake mara ya kwanza kabisa?

Watu wengi wakimtaja Obama wanaanzia 2004 na ile hotuba ya Boston kwenye mkutano mkuu wa Democratic, au 2008 alipopata urais, ila kabla ya hapo jamaa alikaa karibu miaka nane kwenye seneti ya jimbo la Illinois kule Springfield, makao makuu ya jimbo, sio Seneti ya Marekani, hii ni ya jimbo. Na jinsi alivyoingia huko, mtu yeyote aliyewahi kufuatilia mambo ya fomu na pingamizi huku kwetu atacheka tu.

Iko hivi. Kiti cha wilaya ya 13, kusini mwa Chicago, kilikuwa cha mama anaitwa Alice Palmer, na mwaka 1995 huyu mama akaamua kwenda kugombea ubunge wa Bunge la Marekani kule Washington, kiti kikabaki wazi, Obama akatangaza nia septemba ya mwaka huo na Palmer mwenyewe ndo aliyemnadi. Safi kabisa, kama mama na mwanae. Sasa novemba Palmer akapigwa vibaya kwenye kura za maoni za chama, akashika nafasi ya tatu, aliyeshinda ni Jesse Jackson Jr., basi mama akataka kurudi kwenye kiti chake na watu wake wakamwambia Obama hebu kaa pembeni kijana subiri zamu yako. Obama akagoma.

Hapo ndo mchezo ulipoanzia. Sheria ilimtaka kila mgombea apeleke saini za wapiga kura wasiopungua 757, na Palmer alikuwa na siku chache tu za kukusanya, akapeleka kama 1,580. Kwa macho unaona zinatosha na chenji inabaki, ila timu ya Obama ikaenda tume ya uchaguzi ya Chicago ikazipitia moja moja: huyu hajajiandikisha, huyu anaishi nje ya wilaya, huyu kaandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kusaini. Palmer akaona saini halali hazimtoshi akajitoa januari 1996. Na hakuishia kwa mama tu, wagombea wengine watatu nao waliwekewa pingamizi wakaenguliwa, mmoja wao alipeleka saini 1,899 na baada ya uhakiki akapungukiwa 69 tu, inauma hiyo asikwambie mtu. Machi ikafika, kura za maoni za Democratic zina jina moja, na kwa eneo lile ukishapita kwa Democratic umemaliza, novemba akachukua kama asilimia 82.

Mimi naona alikuwa sahihi kisheria, ila ubaridi wa moyo alikuwa nao, yaani mtu aliyejulikana kwa kutetea watu wajiandikishe kupiga kura anawaachia wapiga kura jina moja la kuchagua!

1998 akarudi kirahisi. Mwaka 2000 akavimba kichwa, akamvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington aliyewahi kuwa Black Panther, lile kundi la kutetea haki za weusi, akachapwa karibu asilimia 61 kwa 30. Springfield nako miaka sita ya mwanzo alikuwa kwenye chama cha wachache, Republican ndo walishika seneti, miswada yake mingi inakufa tu.

Kilichombeba ni mipaka. Baada ya sensa ya 2000 vyama vilishindwa kukubaliana ramani ya wilaya za uchaguzi, ikapigwa bahati nasibu, Democratic wakaibuka washindi wakachora wanavyotaka, na wilaya ya Obama ikavutwa hadi kwa matajiri wa katikati ya Chicago, watu wa kuchangia kampeni hao. 2003 chama chake kikashika seneti, Emil Jones akawa rais wa seneti na akampa Obama miswada mizito aisimamie, ukiwemo ule wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, Illinois ikawa jimbo la kwanza kupitisha hilo kwa sheria ya bunge.

Machi 2004 akashinda kura za maoni za Seneti ya Marekani kwa asilimia 53 kati ya wagombea saba, novemba akamshinda Alan Keyes wa Republican kwa kupata asilimia 70 ya kura, akaachia kiti cha Springfield. Aliyeteuliwa kukijaza ni Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, na huyo 2019 akaja kuwa mwanasheria mkuu wa Illinois.