Boksi la Sabufa kwenye Hilux: Pima Chini ya Kiti Kwanza

Ukija kwangu na Hilux ya dabo kebini, mkononi una sabufa, spika ya besi, ya inchi 12 uliyokwisha kuinunua Kariakoo, sitaiangalia sabufa. Nitakuomba uninyanyulie kiti cha nyuma. Nitachukua tepu, penseli na kipande cha boksi la karatasi, nitakaa pale chini kwa muda, na wewe utaanza kutazama saa. Naelewa. Umelipa hela nzuri na unataka kusikia mdundo leo jioni. Lakini kwenye pikapu, nafasi ndiyo inayochagua sabufa, na wengi huanza kinyume chake.

Gari la saluni lina buti. Pikapu ya viti vitano ina sehemu mbili tu: chini ya kiti cha nyuma, na ule mwanya mwembamba kati ya mgongo wa kiti na bati la nyuma la kebini. Wapo wanaosema, "Fundi, si uweke kwenye bodi huku nyuma, pako wazi?" Siweki. Mvua, vumbi na wezi vinatosha kunikatalia, ila kuna sababu kubwa zaidi: besi ikiwa nje ya kebini inakosa msaada wa kebini yenyewe, na huo msaada ni wa bure.

Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko Hilux nzima toka bampa hadi bampa. Sasa chukua kebini yenye mita 2.5 kutoka kioo cha mbele hadi bati la nyuma. Chini ya hezi 70 hivi, hata nusu ya wimbi haienei humo ndani. Kinachotokea ni kwamba hewa yote ya kebini inabanwa na kuachiwa kwa pamoja kila koni, ule uso wa sabufa unaocheza, inapokwenda na kurudi, na kadiri noti inavyoshuka ndivyo kebini inavyoiongezea nguvu. Kinadharia nyongeza hiyo hufika desibeli 12, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kila oktavu, yaani kila hezi zinapopungua kwa nusu. Gari halisi lina mianya, milango inayotetema na bati jembamba, kwa hiyo utapata pungufu ya hapo, lakini bado ni nyingi.

Boksi lililozibwa kabisa, lisilo na tundu, hupoteza desibeli 12 kwa kila oktavu chini ya mlio wake wa asili, yaani hezi ambazo sabufa hupenda kutetemea ikiwa ndani yake. Boksi linashuka, kebini inapandisha, na sikio la dereva linapata besi iliyonyooka hadi chini kabisa. Hii ndiyo sababu kwenye pikapu natengeneza boksi la kuziba, na mteja akitaka la tundu, lenye bomba la kupitishia hewa, lazima anishawishi. La tundu chini ya mlio wake linaporomoka kwa desibeli 24 kwa kila oktavu, tena linataka nafasi ambayo hatuna. Boksi la lita 25 ukitaka lilie kwenye hezi 35 kwa bomba la inchi 3, bomba lenyewe linakaribia urefu wa sm 38. Chini ya kiti utalipinda mara ngapi? Kama gari ni la matangazo au la kupiga muziki barabarani milango ikiwa wazi, hapo tunazungumza mengine. Kwa anayesikiliza singeli au taarabu akiwa amefunga vioo, kuziba kunatosha, na zile ngoma za haraka za singeli zinasikika moja moja badala ya kuvimbiana.

Tuje kwenye hesabu. Kila sabufa ya maana inakuja na karatasi yenye namba nyingi. Tatu ndizo ninazozitafuta: Fs, yaani hezi ambazo koni hupenda kutetemea ikiwa nje ya boksi, Vas, yaani ujazo wa hewa wenye ukinzani sawa na ule wa mpira wa ukingoni na spaida, kile kitambaa cha mikunjo nyuma, vinavyoibeba koni, na Qts, inayoeleza koni inavyodhibitiwa isiendelee kucheza baada ya noti kuisha. Mfumo huu unatokana na kazi ya Neville Thiele, aliyeichapisha Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akaiendeleza Chuo Kikuu cha Sydney. Kabla yao, kutengeneza boksi kulikuwa kwa kubahatisha na kusikiliza. Muuzaji akikwambia sabufa yake haina namba hizi, iache hapo hapo dukani.

Kwa boksi la kuziba hesabu inafanyika kwa kikokotoo cha simu. Chukua 0.707, ambayo ndiyo Qts tunayotaka sabufa iwe nayo ikishaingia kwenye boksi, igawanye kwa Qts ya kwenye karatasi. Jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1. Kisha gawanya Vas kwa kilichobaki. Tuseme una sabufa nyembamba ya inchi 10 yenye Fs 35, Qts 0.5 na Vas lita 20. 0.707 kwa 0.5 ni 1.414, ikizidishwa yenyewe ni 2, toa 1 inabaki 1, kwa hiyo boksi ni lita 20, na mlio wake utakuwa karibu hezi 50. Ukilibana hadi lita 14, mlio unapanda hadi hezi 55 hivi na ni vigumu kusikia tofauti. Ukilibana hadi lita 10 unafika hezi 61 na besi inaanza kuvuma kwa noti moja, ile besi ya "buu, buu" ambayo haijali wimbo gani unapigwa. Sabufa yenye Qts ya 0.3 kwa kawaida imetengenezwa kwa boksi la tundu, usiilazimishe.

Hapo ndipo tepu inapoingia. Kiti cha nyuma kimeinama kuelekea mgongoni, kwa hiyo boksi linakuwa refu mbele na fupi nyuma. Chukua mfano wa boksi lenye upana wa sm 60 kwa nje, sm 34 toka mbele hadi nyuma, kimo sm 20 mbele na sm 15 nyuma. Ukizidisha vipimo vya nje kwa kimo cha wastani, unapata lita 35.7, na wengi huishia hapo wakifurahi. Toa unene wa ubao wa mm 18 kila upande: ndani umebaki na sm 56.4 kwa 30.4 kwa 13.9, ambazo ni lita 23.8. Toa lita moja na kidogo ya sabufa yenyewe, toa na mbao za kukaza ndani, umebaki na lita 21 na ushee. Asilimia 40 ya boksi imeliwa. Kwa sabufa yetu ya lita 20 tuko sawasawa. Kwa ile ya inchi 12 uliyokuja nayo, inayotaka lita 35 na kina cha sm 15, sasa unaelewa kwa nini sikuiangalia.

Ukipungukiwa kidogo, jaza ndani pamba ya mito, ile nyeupe ya nyuzinyuzi, bila kuishindilia. Inapunguza joto la hewa inapobanwa, na sabufa hulihisi boksi kama limekua kwa asilimia 10 hadi 20. Halafu kuna wanaoniuliza kuhusu sabufa mbili za inchi 8. Si wazo baya: koni zake mbili kwa pamoja zina eneo la karibu sm 430 za mraba, wakati ya inchi 10 moja ina kama 335. Ila hakikisha lita zinatosha zote mbili.

Kwenye boksi kama hili uso wa mbele ni mfupi mno kwa inchi 10, hivyo sabufa inatazama chini, sakafuni, na boksi linasimama kwenye miguu ya sm 5. Hiyo miguu uliihesabu wakati wa kupima? Watu huogopa kwamba koni ikining'inia italegea. Uzito wake huishusha kiasi kinachotegemea Fs peke yake: kwa Fs 35 ni robo ya milimita au chini ya hapo. Sabufa yenye Fs 20 inashuka zaidi ya nusu milimita, na bado hiyo si kitu kwa koni inayocheza milimita kumi kila upande. Weka sumaku upande wenye kimo kirefu, na kama ina tundu la kupumulia katikati liachie nafasi.

Ubao. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, inanyamaza vizuri, inakatika laini na bei yake inavumilika, ndiyo maana kila mtu anaitumia. Lakini shiti nzima ya futi 8 kwa 4 yenye mm 18 ina uzito wa karibu kilo 40, na ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai na hairudi tena. Pikapu ni gari la kuingia na viatu vya matope, watu wanaosha sakafu kwa mpira wa maji. Kwa hiyo hapa Dar natumia plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, tabaka nyingi zisizo na mapengo katikati; kagua ukingo wa shiti kabla hujalipa. Nikilazimika kutumia MDF naipaka vanishi nje na ndani, hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana ndizo zinazokunywa maji.

Kukata peleka kwa seremala mwenye meza ya msumeno, Keko wapo wengi. Mwambie mbao za mbele na nyuma zikatwe kingo zake za juu kwa mwinamo wa nyuzi 8, ili kifuniko kinachoteremka kikae bila pengo. Gundi nyeupe ya maseremala ndiyo inayolishika boksi. Skrubu kazi yake ni kubana mpaka gundi ikauke. Toboa kwanza ndipo ufunge skrubu, la sivyo plaiwudi itapasuka ukingoni. Weka mbao moja ya kukaza katikati, toka sakafu hadi kifuniko. Viungo vyote pitishia silikoni kwa ndani, halafu acha boksi wazi hadi kesho yake. Silikoni ya kawaida inapokauka hutoa mvuke wenye tindikali, ile harufu ya siki, na mvuke huo haufai kufungiwa pamoja na koili ya shaba ya sabufa.

Sabufa yenyewe usiifunge kwa skrubu za mbao. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati itazilegeza. Tumia boliti na nati zenye meno zinazogongwa upande wa nyuma wa ubao. Na boksi zima lishikwe kwenye boliti za kiti zilizokuwepo tayari. Chini ya kapeti hupita nyaya na chini ya bati mabomba ya mafuta na ya breki, kwa hiyo drili inayoshuka bila kutazama chini ya gari inaweza kugharimu zaidi ya muziki wote. Jeki na spana zake zikae mahali unapoweza kuzifikia usiku wa manane bila kufungua boksi.

Umeme nitaupita haraka ila kwa jambo moja. Amplifaya ya wati 500 halisi ikivuta kwa ufanisi wa asilimia 80 kwenye volti 13.8, inakula ampea 45. Waya wa shaba wa mm 25 za mraba unatosha, na fyuzi ya ampea 60 ikae karibu na betri, isizidi sm 45 kutoka kwenye ncha yake. Jambo lenyewe ni hili: nyaya nyingi za "amplifaya" zinazouzwa ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba. Kwangua nyuzi moja kwa kisu. Ikionekana nyeupe ndani, ama uache, ama ununue nene zaidi kwa kujua.

Kabla ya kurudisha kiti, gusa bati la nyuma la kebini kwa vidole wakati muziki unapiga. Litakuwa linatetema kama lina wazimu, nalo linakula besi yako. Bandika shiti za butili, mpira mzito unaonata, zenye karatasi ya aluminiamu, lakini usizibe vile vidirisha vya mpira vya kutolea hewa ambavyo pikapu nyingi huwa navyo nyuma ya kiti. Ukiviziba, milango itakuwa migumu kufunga na masikio yatauma kila mlango unapobamizwa.

Kwenye amplifaya anza na kichujio cha hezi 80, kinachopitisha besi ya chini ya hapo tu, nguvu chini kabisa, kisha ipandishe polepole hadi besi isikike kama inatoka kwenye dashibodi. Ukiisikia inatoka nyuma, ama umezidisha nguvu ama kichujio kiko juu mno. Ibonyeze koni taratibu kwa viganja viwili na uachie: ikirudi kwa uvivu, boksi halina tundu. Ikirudi kwa haraka, tafuta mwanya, na mara nyingi utaupata pale waya unapopita kuingia ndani.