"Watch" ni kutazama, kukesha, au zamu?

Kazi yangu ni kutafsiri, kutoka Kiingereza na Kifaransa kuingia Kiswahili, hapa Goma. Neno lililonisumbua kuliko yote ni fupi: watch.

Juzi jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani mkaa, mbele ya kiwanja chetu, aliniletea karatasi iliyogawiwa kwenye kartye, yaani mtaa wetu. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa: ANGALIA VOLKANO. Akaniuliza, "Mwalimu, twende tukaiangalie wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mawingu yakitawanyika, Nyiragongo, volkano yetu, tunaiona tukiwa mlangoni. Nilielewa mara moja kwamba karatasi ya Kiingereza ilisema volcano watch, na aliyetafsiri akachukua maana ya kwanza ya kamusi.

Maana hiyo ya kwanza ipo, sikatai. Mtu anayetazama mpira kwenye televisheni, kwa Kiingereza ana-watch. Saa ya mkononi nayo ni watch. Na ukitaka kumwambia mtu ajihadhari, unasema watch out, kama sisi tunavyopaza sauti barabarani: "Angalia, chukudu inakuja!", yaani ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Lakini mzizi wa neno hili si jicho, ni usingizi. Katika Kiingereza cha kale, watch na wake, yaani kuamka, yalikuwa neno moja. Ku-watch kulikuwa ni kukosa kulala kwa makusudi. Ndiyo maana pale Biblia ya Kiingereza inaposema watch and pray, yetu inasema "kesheni, mwombe", na hakuna Mkristo wa Goma anayedhani ameambiwa atazame kitu. Hata ule usiku wa kukaa na maiti, ambao sisi tunaukesha kwenye matanga, Waingereza wanauita wake.

Kisha kuna zamu. Baharini, watch ni kipindi cha mabaharia kulinda chombo, kwa kawaida saa nne, kisha wanapokezana. Kiswahili cha pwani kingesema zamu bila kusita. Hapa Kivu neno hilo limepiga hatua nyingine: zamu ni mlinzi mwenyewe. Ukifika getini unauliza, "Zamu iko wapi?" na anatoka mtu mwenye koti na tochi. Kiingereza nacho kilipita njia hiyo hiyo, maana zamani walinzi wa usiku wa mji waliitwa the watch. Napenda sana ufanano huu, kwa sababu hakuna aliyemwiga mwenzake.

Sasa turudi kwenye karatasi. Wataalamu wa volkano wa Marekani wana ngazi nne za hali ya mlima, na watch ni ya tatu. Maana yake mlima umechafuka, uwezekano wa kulipuka umeongezeka, ila saa haijulikani. Au umeshaanza kulipuka lakini hatari yake ni ndogo. Juu yake kuna warning: mlipuko wa hatari uko karibu sana, au umeshaanza. Sisi huku tunatumia rangi, kijani, njano, machungwa na nyekundu. Lakini karatasi za wageni huja na maneno yao, na maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi.

Mji huu unajua uzito wake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ilishuka tena mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege; siku tano baadaye kartye kumi ziliamriwa kuhama, watu wakajaa njia ya Sake na mpaka wa Gisenyi, wenye godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mtu akisoma warning pale palipoandikwa watch, anakimbia mapema na kuacha nyumba wazi. Akikosea kinyume chake, anachelewa.

Kwa hiyo warning ninaandika "Onyo". Na watch ninaandika "Kaeni macho", kwa sababu kwetu aliye macho ni yule asiyelala na pia ni yule anayejihadhari, maana mbili ndani ya neno moja, kama Kiingereza kilivyokuwa.

Nilifuta kichwa cha ile karatasi kwa kalamu, nikaandika hayo juu yake, nikamrudishia mama. Akasoma polepole. "Ah," akasema, "basi nifunge mfuko, niweke karibu na mlango. Lakini makala nitaendelea kuuza."

"Ndiyo hivyo, mama," nikamjibu.