Kwenda Japani Kusomea Ufundi wa Roboti: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuomba Nafasi

Vijana wengi wanaofika katika ofisi za ushauri wa masomo wakiulizia nafasi za kwenda Japani kusomea roboti huwa na picha ya roboti yenye miguu miwili, inayopanda ngazi na kupungia watu mkono. Picha hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Waseda jijini Tokyo kilionyesha roboti yenye umbo la mtu mwaka 1973, na kampuni ya Honda ikaitambulisha ASIMO mwaka 2000. Hata hivyo, roboti inayoendesha viwanda vya Japani ni nyingine kabisa. Ni mkono wa chuma uliokazwa sakafuni kwa boliti, mara nyingi wenye viungo sita, unaochomelea bodi za magari, kupaka rangi, kupakia katoni na kulisha mashine nyingine vipande vya chuma usiku na mchana. Kampuni ya Kawasaki ilitengeneza roboti ya kwanza ya kiwandani nchini humo mwaka 1969 kwa leseni ya kampuni ya Kimarekani ya Unimation, na leo Fanuc iliyoko kijiji cha Oshino karibu na Mlima Fuji, Yaskawa ya Kitakyushu na Nachi-Fujikoshi ya Toyama ni miongoni mwa majina ambayo fundi yeyote wa fani hii atakutana nayo.

Mafunzo ya ufundi yanahusu mkono huo: namna ya kuufunga, kuufundisha kazi, kuukagua, na kuutengeneza unapogoma. Anayetaka kubuni roboti mpya anahitaji shahada ya uhandisi na utafiti wa miaka mingi. Makala haya yanamlenga fundi au fundi sanifu, awe ameajiriwa kiwandani, awe mkufunzi wa chuo cha ufundi, au awe kijana aliyemaliza sekondari akiwa na ufaulu mzuri wa hisabati na fizikia.

Jambo la kwanza ni kujua unapita mlango gani, kwa sababu milango ni kadhaa na kila mmoja una masharti yake. Kwa aliye kazini, mlango wa kawaida ni kozi fupi za Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ambazo hufanyika katika vituo vyake vya mikoani, kikiwemo kile cha Kitakyushu, mji wa chuma na viwanda ulioko kisiwa cha Kyushu. Mwombaji hajipeleki mwenyewe. Hupendekezwa na taasisi yake kupitia serikali, na maombi yake huulizia kazi anayoifanya sasa, tatizo lililopo mahali pake pa kazi, na namna atakavyoyatumia mafunzo akirudi. Ndiyo maana kijana aliyetoka chuoni jana, hata akiwa hodari, mara nyingi hakidhi vigezo vya kozi hizi. Anayechaguliwa hulipiwa tiketi ya kwenda na kurudi, malazi, posho ya kujikimu na bima ya matibabu. Kwa anayetaka shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya vitendo katika kampuni za Kijapani, upo mpango wa ABE Initiative uliotangazwa mwaka 2013 katika TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama, ambao uliwalenga vijana wa Afrika.

Kwa mhitimu wa sekondari, mlango unaofaa zaidi, na kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa kuliko yote, ni ufadhili wa serikali ya Japani kupitia Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, inayojulikana kwa kifupi cha MEXT. Watu hukimbilia nafasi za shahada ya kwanza na kuziacha nafasi za vyuo vya teknolojia vinavyoitwa kosen. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1962, wakati viwanda vya Japani vilipokuwa vikikua kwa kasi huku vikikosa mafundi, na huwapokea Wajapani wenye umri wa miaka 15 kwa masomo ya miaka mitano yenye vitendo vingi vya karakana. Mwanafunzi wa kigeni hujifunza Kijapani kwanza kwa mwaka mmoja, kisha huingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Tangu mwaka 1988 vyuo hivi hushindana katika mashindano ya roboti yanayorushwa na shirika la utangazaji la NHK, na kijana aliyewahi kukesha na wenzake akirekebisha roboti ya mashindano huwa ameiva kwa namna ambayo darasa peke yake haliwezi kumwivisha. Ubalozi wa Japani katika kila nchi ndio hutangaza aina za ufadhili zinazopokelewa kwa mwaka husika, hupokea maombi na kusimamia mtihani wa maandishi, ambamo hisabati ina uzito mkubwa.

Upo pia mlango wa ajira, na hapa ndipo umma unapaswa kuwa makini zaidi. Mwaka 1993 Japani ilianzisha mpango wa mafunzo ya ufundi kwa vitendo kwa wageni, ambao kwa jina ni mafunzo, lakini kwa uhalisia washiriki wake wamekuwa nguvu kazi ya viwanda, mashamba na ujenzi. Malalamiko kuhusu mishahara, madeni na kufungwa kwa mwajiri mmoja yalikuwa mengi kiasi kwamba sheria ya mwaka 2016 ilikataza kushikilia pasipoti za washiriki na kuwawekea mikataba ya faini, na mwaka 2024 Bunge la Japani likapitisha sheria ya kuubadilisha mpango wenyewe kwa mfumo mpya unaotarajiwa kuanza mwaka 2027, ambao unamruhusu mfanyakazi kuhama mwajiri kwa masharti maalumu. Kando yake ipo viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi mahususi, iliyoanza Aprili 2019, ambayo humtaka mwombaji afaulu mtihani wa fani na mtihani wa Kijapani. Mifumo hii imejengwa zaidi juu ya makubaliano na nchi za Asia, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayeambiwa kuwa nafasi zipo tele anapaswa kuuliza zinapitia kwa nani.

Wakala anayetangaza "mafunzo ya roboti Japani" na kudai fedha za usajili kabla ya kuonyesha barua ya kampuni au chuo kinachopokea, pamoja na hadhi ya ukaazi itakayoombwa, hastahili kupewa hata shilingi moja. JICA na MEXT hazitozi ada ya maombi. Wakala wa ajira za nje hutakiwa kuwa na leseni, na leseni hiyo inaweza kuulizwa kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira nchini Kenya. Swali moja rahisi humfichua tapeli mapema: mshiriki atakuwa huko kama mwanafunzi, kama mwanagenzi au kama mfanyakazi? Asiyeweza kulijibu hajui anachokiuza, au anakijua vizuri sana.

Tukija kwenye karakana, wengi hushangaa kwamba siku za mwanzo hakuna kugusa roboti. Mwaka 1981 mfanyakazi mmoja aliuawa na roboti katika kiwanda cha Akashi alipoingia ndani ya uzio kurekebisha hitilafu, na kanuni za usalama kazini zilizofuata zinamtaka kila anayefundisha au kukagua roboti ya kiwandani apewe kwanza elimu maalumu ya usalama. Mlango wa uzio huwa na plagi ya usalama. Fundi anayeingia huichomoa na kuitia mfukoni mwake, kwa sababu plagi ikiwa mfukoni roboti haiwezi kuanza kazi yenyewe, hata kama mwenzake aliyeko kwenye paneli amesahau kwamba kuna mtu ndani.

Kifaa cha kufundishia ambacho mwanafunzi hupewa baadaye kina skrini, vitufe na, kwa nyuma, swichi inayobonyezwa kwa vidole. Swichi hii ina hali tatu. Ukiiachia, mota zinakatwa. Ukiishika kwa wastani, roboti inakubali amri. Ukiikamata kwa nguvu, mota zinakatwa tena, kwa kuwa mtu aliyeshtuka ama huachia alichoshika au hukikamata kwa nguvu zake zote, na waliobuni kifaa walizingatia hali zote mbili. Wakati wa kufundisha, mwendo wa ncha ya mkono hauruhusiwi kuzidi milimita 250 kwa sekunde, kasi ambayo mtu makini anaweza kuikwepa. Mwanafunzi husogeza mkono hatua kwa hatua, huhifadhi kila nukta, kisha huirudia njia nzima polepole kabla ya kuiacha roboti iende yenyewe. Kila ukaguzi huambatana na kunyoosha kidole kwenye kinachokaguliwa na kukitaja kwa sauti. Mgeni huona haya siku za kwanza. Wajapani wenyewe hufanya hivyo kwenye vichwa vya treni, na sababu ni kwamba jicho, mkono na mdomo vikikubaliana ni vigumu kukagua huku mawazo yako mbali.

Sehemu kubwa ya kozi ni matengenezo, na huku ndiko fundi wetu anapata faida kubwa zaidi. Mfano mzuri ni betri. Kila kiungo cha roboti kina kipimo kinachokumbuka pembe yake, na kumbukumbu hiyo hushikiliwa na betri ndogo umeme mkubwa unapozimwa. Betri hizo hubadilishwa kwa ratiba, kwa baadhi ya aina kila mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na hubadilishwa kidhibiti, yaani kabati la kompyuta inayoiendesha roboti, kikiwa kimewashwa. Anayezima umeme kwanza, kama alivyozoea kwa vifaa vingine, anaweza kuiamsha roboti isiyojua tena mkono wake uko wapi, na kazi ya kuipangia upya mwanzo wa kila kiungo huchukua muda mrefu. Grisi nayo ina mtego wake: kabla ya kusukuma mpya ni lazima tundu la kutolea ya zamani lifunguliwe, la sivyo shinikizo hupasua sili, yaani kizibo cha kuzuia uvujaji, na grisi huvujia ndani ya mota. Haya hayasomeki kwa urahisi kwenye matangazo ya kozi, lakini ndiyo yanayotofautisha kiwanda chenye roboti inayofanya kazi na kiwanda chenye roboti iliyofunikwa turubai.

Maandalizi ya nyumbani yafuate mantiki hiyo. Umeme wa fezi tatu, kusoma michoro ya umeme, mifumo ya hewa iliyoshindiliwa, sensa, na kompyuta ya kudhibiti mitambo ambayo mafundi huiita PLC, vyote hivi vinaweza kusomwa katika vyuo vyetu kabla ya kupanda ndege, na vitamfaa fundi hata kama kiwanda chake hakina roboti hata moja, kwa kuwa mitambo ya kujaza chupa na kufunga pakiti inatumia vifaa vilevile. Kijapani kianze mapema kwa mifumo miwili ya herufi za sauti, hiragana na katakana, ambazo mtu mwenye bidii huzimudu kwa wiki chache. Mzungumzaji wa Kiswahili ana unafuu wa matamshi, kwani Kijapani kina irabu tano zinazokaribiana na zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu.

Kuhusu maisha ya kule, yatosha kusema kwamba anayekaa zaidi ya miezi mitatu hupewa kadi ya ukaazi na hutakiwa kusajili anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya siku 14 tangu apate makazi; kwamba bima ya afya ya taifa kwa kawaida humwachia mgonjwa alipe asilimia 30; na kwamba baadhi ya dawa za mafua zinazopatikana kwa urahisi kwetu haziruhusiwi kuingizwa nchini humo, hivyo ni busara kuuliza ubalozini kabla ya kufungasha.

Mwisho wa kozi za JICA mshiriki huandika mpango kazi wa atakachofanya akirudi, na mara nyingi ndani yake huwemo pendekezo la kununua roboti iliyotumika. Hapo umeme ni wa kuangaliwa sana. Viwanda vya Japani hutumia fezi tatu za volti 200, ilhali vyetu hutumia volti 400 au 415, kwa hiyo gharama ya transfoma ya kushusha umeme iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Aidha, Tokyo na mashariki hutumia umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kama sisi, lakini Osaka, Nagoya na Kyushu hutumia hezi 60, tofauti iliyotokana na Tokyo kununua majenereta ya Kijerumani na Osaka kununua ya Kimarekani katika miaka ya 1890. Mota ya pampu au feni iliyozoea hezi 60 ikifungwa Dar es Salaam au Mombasa huzunguka polepole zaidi kwa moja ya sita, na volti zisiporekebishwa hupata joto. Muuzaji atakiwe kuweka betri mpya za kumbukumbu kabla ya kontena kufungwa, kwa kuwa mzigo unaweza kukaa baharini na bandarini kwa wiki nyingi, na atoe nakala ya programu na vipimo vya mwanzo vya viungo vyote kabla ya kulipwa fedha za mwisho.