Umbali wa chaji moja: kilomita za karatasi na kilomita za barabara

Umbali wa chaji ni kilomita ambazo gari la umeme huenda tangu betri ikiwa imejaa hadi inapokwisha. Nambari inayotangazwa hutoka maabara, kwa hiyo kwanza uliza imepimwa kwa kipimo kipi. WLTP ya Ulaya huliendesha gari kwa wastani wa kilomita 46.5 kwa saa, AC ikiwa imezimwa. CLTC ya China ni laini zaidi: wastani wake ni kilomita 29 hivi kwa saa. SUV iliyotoka China na kilomita 500 za CLTC haiwezi kulinganishwa na yenye 500 za WLTP, na hakuna kati ya hizo mbili iliyopimiwa Mombasa Road.

Kipimo cha kushika ni uniti zinazoliwa kwa kila kilomita 100. Uniti ni ileile ya tokeni za stima, yaani kilowati-saa moja. Chukua SUV ya tani mbili na ushei, betri yake ina uniti 60. Kwa mwendo wa 80 kwenye barabara tambarare itakula takriban 17 kwa kilomita 100. Ipeleke 110, ukinzani wa upepo unakaribia kuwa maradufu, na ulaji unafika kama 23. SUV ni pana na ndefu kwenda juu, kwa hiyo inaadhibiwa kuliko gari dogo. Karia ya mizigo juu ya paa huzidisha.

Halafu kuna mlima. Kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Mtito Andei kwenye njia ya Nairobi ni takriban kilomita 250, na unapanda mita 700 hivi. Kulinyanyua tu gari hilo kunataka zaidi ya uniti nne. Piga hesabu: kwa 80 utatumia kama uniti 47 na kufika ukiwa na akiba. Kwa 110 zinahitajika kama 62, nawe una 60. Kurudi Mombasa ni nafuu, kwani mota hugeuka jenereta kwenye mteremko na kurudisha sehemu ya umeme. Ila betri iliyojaa pomoni haina pa kuupokea.

Mjini mambo hugeuka. Foleni ya Changamwe haimalizi betri kama dereva wa petroli anavyodhani, kwa sababu gari lililosimama halichomi kitu ila AC na vifaa vidogo. AC kwenye joto la Mombasa hula uniti moja hadi moja na nusu kwa saa, sawa na kilomita sita hadi tisa. Usijitese kwa kuizima.

Kuchaji nyumbani kwa soketi ya kawaida ya ampea 13, kebo nyingi hujiwekea kikomo cha ampea 10: kilowati 2.4. Betri tupu ya uniti 60 itachukua zaidi ya saa 25, na mita itasoma 67 au zaidi kwa sababu sehemu hupotea kama joto. Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 humaliza kwa saa tisa hivi, lakini inataka laini yake pekee kutoka kwenye bodi ya fyuzi, waya wa milimita mraba 6 au zaidi, na kinga ya kuvuja umeme.

Hapa pwani kasoro huanzia kwenye soketi. Hewa ya chumvi hula viungo vya shaba, skrubu hulegea, plagi hupata moto hadi plastiki inageuka kahawia. Iguse baada ya nusu saa, ikiunguza, chomoa. Ekstensheni iliyoviringishwa ni hatari tupu. Gari likikataa kuchaji kabisa kwenye nyumba ya zamani, mara nyingi waya wa ardhi haupo au ni mbovu, nalo liko sahihi kukataa.

Chaji ya kasi huenda mbio hadi asilimia 80 hivi, kisha hupunguza ili seli zisiharibike. Safarini, ondoka hapo. Betri za NMC (za nikeli, manganizi na kobalti) zifikishe 80 kwa matumizi ya kila siku. Za LFP (za chuma na fosfeti), watengenezaji wengi hutaka zijazwe kabisa mara moja kwa wiki ili kompyuta isome kiwango vizuri.

Kabla ya kulipia gari, tazama tundu la chaji ya kasi. Nissan Leaf nyingi za Japani zina CHAdeMO, magari yaliyotengenezewa soko la China yana GB/T, ya Ulaya CCS2. Usiponunua linalolingana na chaja zilizopo njia unayopita, utabaki na chaji ya polepole.