Chupa yenye barua ndani: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Hii mada ya chupa zinazookotwa ufukweni zikiwa na barua ndani imejaa uongo, na uongo wenyewe mtamu ndo maana haufi.

Ulioenea kuliko wote ni kwamba chupa ikiokotwa baada ya miaka mia basi imeelea miaka mia. Wapi. Chukua ile iliyovunja rekodi ya ukongwe 2018: ilitupwa tarehe 12 Juni 1886 kutoka meli ya Kijerumani iitwayo Paula, kwenye Bahari ya Hindi kama kilomita 950 kutoka pwani ya Australia, ikaokotwa karibu na Wedge Island, Australia Magharibi. Miaka 131 na ushee. Lakini wataalamu wa makumbusho ya huko wanaona huenda ilifika nchi kavu ndani ya miezi 12 tu, halafu ikalala mchangani muda wote uliobaki. (Ilikuwa chupa ya jini, ile pombe, sio jini la kwenye ngano.) Kwa hiyo umri wa barua na urefu wa safari ni vitu viwili tofauti kabisa, na ule mstari ulionyooka watu wanaouchora kwenye ramani nao ni wa kubuni, mikondo na upepo haviendi hivyo.

"Lazima ni barua ya mapenzi au mtu anaomba kuokolewa." Hii ndo inanichekesha, maana ndani ya chupa ya Paula kulikuwa na fomu! Fomu ya kuchapwa, inamwomba aliyeiokota ajaze ni wapi na lini, airudishe Hamburg au apeleke ubalozi mdogo wa Ujerumani ulio karibu, walikuwa wanachunguza mikondo ya bahari. Mtafiti wa bahari Mwingereza George Parker Bidder naye alitupa chupa 1,020 kati ya 1904 na 1906, zake zilitengenezwa zielee chini karibu na sakafu ya bahari zinaswe na nyavu za wavuvi, na kila atakayerudisha kadi aliahidiwa shilingi moja ya Uingereza. Moja ikaibukia kisiwa cha Amrum, Ujerumani, 2015, na taasisi ya Bidder ikatafuta shilingi ya zamani ikamtumia aliyeiokota. Baada ya miaka 108! Kuna watu deni la mwezi jana tu hawalikumbuki.

Halafu ile hadithi ya Malkia Elizabeth I wa Uingereza kuwa na afisa wa kufungua chupa za baharini, huyo afisa katokea kwenye riwaya ya Victor Hugo ya 1869, basi.

Sasa kumtafuta mwandishi. Watu wanadhani ukiwa na jina umemaliza, unaandika mtandaoni anatokea. Majina hubadilika, msichana aliyeandika akiwa shule leo huenda anatumia jina la mume, anwani ina wapangaji wengine, namba za simu zimeongezwa tarakimu. Kinachosaidia ni kumbukumbu za maandishi. Ya Paula ilithibitishwa kwa sababu daftari la hali ya hewa la nahodha bado lipo Ujerumani, na limeandikwa siku ileile kwamba chupa imetupwa, hata mwandiko ukalinganishwa. Barua ya kawaida anza na chupa yenyewe: alama za kitako, lebo, kizibo. Halafu jina la meli au shule kama limetajwa.

Na usiposti barua nzima jamani. Ina jina na anwani ya mtu, mara nyingi mtoto wa wakati huo, na ukishaonyesha kila kitu yeyote anaweza kudai ni yake. Ficha kitu kimoja, mfano jina la mbwa aliyetajwa, atakayejitokeza umuulize hicho.

Kuvunja chupa ili utoe barua? Hapana, utajikata na karatasi mbichi itachanika. Ya Paula waliikausha kwenye oveni dakika chache ikapona, ila mimi nisingejaribu, iweke mbali na jua na kama inaonekana ya zamani wapigie watu wa makumbusho.

Mwisho, sio kila mwandishi atafurahi. Wengine wameshafariki, nyingine ni barua za kumuaga marehemu, na chupa huweza kuwa na majivu ya mwili wake uliochomwa. Ukimpata mtu mwandikie mistari miwili tu kwamba una kitu chake kilichotoka baharini, aseme mwenyewe kama anakitaka.